Kurekebisha alama za wachezaji kwenye gemu za besiboli ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanaocheza gemu za kompyuta ambazo unachagua mwaka, tuseme 1908 au 1968, unakabidhiwa timu za kweli na wachezaji wa kweli wa Marekani, kisha msimu unachezwa upya tangu mechi ya kwanza. Mifano mingi inatokana na Out of the Park Baseball, kwa kuwa mipangilio yake ni mingi na kuivuruga ni rahisi. Wanaotumia Diamond Mind au Strat-O-Matic watapata chao pia. Mrushaji ni anayerusha mpira, mpigaji ni mwenye gongo, na wastani wa kupiga wa 0.300 maana yake ni hiti 3 (kugonga mpira na kufika beisi, yaani kituo, salama) katika kila mapigo 10, yaani zamu za kupiga.

Nimezoea gemu za soka, ambako mwenye 87 ni 87 popote aendapo. Huku mbona alama zinapanda na kushuka nikibadilisha mwaka tu?

Kwa sababu huku alama inaeleza mtu aliwazidi wenzake wa mwaka ule kwa kiasi gani. Chukua watu wawili. Mwaka 1930 Bill Terry wa New York Giants alipiga 0.401. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski wa Boston aliongoza American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu (nyingine ni National League), kwa 0.301. Ukiangalia namba hizo peke yake utadhani Terry anamwacha mwenzake mbali kabisa. Sasa tazama ligi zao. National League ya 1930 nzima ilipiga wastani wa 0.303, American League ya 1968 ilipiga 0.230. Gawanya 0.401 kwa 0.303, unapata 1.32. Gawanya 0.301 kwa 0.230, unapata 1.31. Wamekaribiana mno, na gemu iliyopangwa vizuri itawapa alama zinazokaribiana.

Ukielewa hesabu hiyo, nusu ya malalamiko kuhusu "alama mbovu" yanaisha yenyewe.

Nitumie kipimo gani: 1 hadi 5, 20 hadi 80, au 1 hadi 100?

Chochote unachokipenda. Ni sura tu, injini ya ndani haibadiliki. Kipimo cha 20 hadi 80 ndicho wanachotumia wasaka vipaji wa Marekani, 50 ikiwa mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Kile cha 1 hadi 100 kinaonyesha tofauti ndogo ndogo, na hapo ndipo watu wanapoanza kubishana kama 71 ni bora kuliko 69, ubishi usio na maana yoyote uwanjani. Mimi ningekaa na 20 hadi 80.

Kitu kinachostahili kuangaliwa hapo jirani ni kama alama ya jumla inalinganisha wachezaji na ligi yao wenyewe au na ligi kuu. Ukiwa na ligi ndogo kwenye karia yako na hujaligusa hilo, utaona vijana wa kijijini wana nyota tano, utawanunua, na watakuaibisha.

Mrushaji wangu aliruhusu mbio (pointi) chache sana kwenye historia, lakini gemu imempa alama za kawaida. Ni kosa?

Mara nyingi si kosa. Gemu nyingi za leo humpima mrushaji kwa mambo matatu: wangapi anawatoa kwa straiki tatu, wangapi anawapa beisi ya bure kwa mipira minne mibovu, na homurani (mpira unaogongwa hadi nje ya uwanja) ngapi anaruhusu. Hiti za kawaida zinahesabiwa kwa uzito mdogo. Mwaka 2001 mchambuzi wa takwimu za besiboli Voros McCracken alieleza kwamba mpira ukishagongwa na kubaki ndani ya uwanja, mrushaji ana usemi mdogo sana juu ya kitakachotokea. Waliobaki kazini ni wadakaji nyuma yake, na bahati. Kwa hiyo mrushaji aliyebebwa na ulinzi mzuri wa timu yake mwaka 1910 ataonekana wa kawaida kwenye karatasi. Mweke nyuma ya ulinzi ule ule, uone kama matokeo hayarudi.

Ninacheza 1908 na homurani zinamwagika kama mvua. Niwapunguzie wapigaji alama za nguvu?

Hapana, usimguse mchezaji hata mmoja. Tatizo liko kwenye ligi.

Gemu ina tabaka mbili. La kwanza ni alama za wachezaji. La pili ni viwango vya ligi: idadi ya hiti, homurani, mipira minne na straiki ambayo msimu mzima unatakiwa kutoa. Injini inachukua alama na kuzivutia kwenye viwango hivyo. Frank Baker, aliyebandikwa jina la "Home Run", aliongoza American League mwaka 1911 kwa homurani 11. Leo mtu akimaliza msimu na 11 hakuna anayemtaja. Ndani ya gemu Baker anatakiwa awe na alama kubwa za nguvu, na kiwango cha ligi ndicho kinachombana abaki kwenye 11. Ukimpunguzia nguvu ili namba zake zikae sawa, umemfanya awe sawa na wapigaji dhaifu wa enzi yake, halafu ubingwa wake unapotea.

Viwango vya ligi vikiwa vya mwaka mwingine (hutokea sana unapoanzisha ligi ya kisasa kisha ukaingiza wachezaji wa zamani), kila kitu kinaharibika kwa pamoja. Nenda kwenye viwango vya ligi, chagua mwaka husika, iambie gemu ikokotoe upya vizidishi (namba zinazovuta matokeo hadi kwenye viwango hivyo), kisha endesha msimu mmoja wa majaribio. Asilimia kubwa ya waliokuwa wanataka kuhariri wachezaji mmoja mmoja huishia hapo.

Kuna kisa kimoja ambacho hesabu hii inakwama, na kinaitwa Babe Ruth. Mwaka 1920 alipiga homurani 54. George Sisler aliyemfuata kwenye American League alikuwa na 19. Ruth peke yake aliipita kila timu ya ligi hiyo isipokuwa yake mwenyewe. Ukimpima dhidi ya wenzake na kumhamishia mwaka 2000, ambako kila mtu anapiga homurani, hesabu inakupa mtu wa homurani zaidi ya mia moja. Hiyo haiaminiki. Ruth aliona mapema kwamba mpira ungeweza kugongwa kwa namna ile, wenzake wakachelewa kumfuata. Sehemu ya pengo lile ni uchelewaji wao. Ukichanganya enzi, mwekee kikomo. Ukibaki 1920, mwache atambe.

Alama zitokane na msimu mmoja, mitatu, au karia nzima?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na jibu linategemea unataka gemu ikufanyie nini.

Ukitaka kuuona mwaka fulani kama ulivyokuwa, tumia msimu mmoja. Norm Cash wa Detroit alipiga 0.361 mwaka 1961, na hakuwahi tena kuvuka 0.286 maisha yake yote. Brady Anderson wa Baltimore alipiga homurani 50 mwaka 1996. Msimu wake mwingine bora ulikuwa na 24. Mrushaji Mark Fidrych aliitikisa Marekani mwaka 1976 kwa ushindi 19, kisha majeraha yakammaliza. Kwa msimu mmoja, watu hawa wanakuja na makali yao yote. Ubaya ni kwamba wewe unajua. Unaanza karia ya 1961, unamnunua Cash mwezi wa nne, unamuuza baridi ikianza, na kila mwaka unavuna kwa kufungua vitabu vya takwimu. Hayo si mashindano tena.

Miaka mitatu inatuliza mawimbi hayo. Cash anabaki mpigaji mzuri bila kuwa mungu, na mwaka wake wa ajabu unaweza kutokea au usitokee. Kwa karia ndefu, hiki ndicho ningekuachia bila kukujua. Miaka mitano inafaa wanaopenda mambo yaende taratibu zaidi, ila vijana wanaopanda haraka na wazee wanaoporomoka hupoteza sura zao halisi. Karia nzima ina nafasi moja: mashindano ya mabingwa wa nyakati zote, pale unapotaka kumkutanisha mpigaji wa zamani Ty Cobb na mrushaji wa karibuni Pedro Martínez bila kujali ni mwaka gani.

Kukokotoa upya kila mwaka, au niiachie gemu iwakuze wachezaji yenyewe?

Ukikokotoa upya, kila baridi gemu inafungua historia na kuwapa alama za mwaka unaofuata. Nyota watakuwa nyota, watakaoumia wataporomoka kwa wakati wao. Ukiiachia gemu, historia inaishia siku unayoanza: Fidrych anaweza kudumu miaka kumi na tano, na kijana anayeitwa Willie Mays, ambaye kwenye historia alikuwa nyota mkubwa, anaweza kuishia benchi. Wapo wanaochukia hilo. Kwangu ni sehemu tamu kuliko zote, lakini si kila mtu ana moyo wa kumwona Mays anaachwa.

Ukichagua njia hii ya pili, kuna namba inayosimamia jinsi vipaji vinavyobadilika kiholela. Kwenye Out of the Park inakuja ikiwa 100. Ipandishe na wachezaji watafumuka na kuzama bila onyo. Ishushe na kila mmoja atafuata njia aliyoandikiwa tangu utotoni. Ukiwa umewasha kukokotoa upya na kuzima ukuaji wa gemu, usipoteze muda nayo.

Kuna mtu aliyecheza mechi moja tu maishani na gemu inampa alama za juu kabisa!

Huyo pengine ni John Paciorek. Tarehe 29 Septemba 1963 akiwa na Houston alipiga mara 3, akapata hiti 3, akapewa beisi ya bure mara 2 na kufunga mbio 4. Mgongo ulimsumbua na hakurudi tena ligi kuu. Wastani wake wa maisha ni 1.000.

Kila gemu ya aina hii ina sehemu ya kuweka idadi ya chini ya mapigo. Aliye chini ya hapo anavutwa kuelekea mchezaji wa akiba. Ikiwa chini mno, akina Paciorek wanatawala ligi. Ikiwa juu mno, unawaua vijana walioitwa mwezi wa nane na waliotoka majeruhi. Kwa wapigaji anza na mapigo 200 hivi, kisha angalia kumi bora wa ligi: ukimkuta mtu ambaye hata mashabiki wa timu yake hawakumjua, pandisha.

Ted Williams hayupo 1943. Nifanyeje na miaka ya vita?

Amua kwanza kama vita ipo kwenye dunia yako. Williams, mpigaji nyota wa Boston, alikosa misimu ya 1943, 1944 na 1945 yote, na sehemu kubwa ya 1952 na 1953 wakati wa vita vya Korea. Ukitaka historia ilivyokuwa, mwache aende. Ukitaka acheze, gemu itajaza pengo kwa kuangalia miaka ya pembeni, na kwake pembeni kumejaa: 0.356 na homurani 36 mwaka 1942, 0.342 na homurani 38 mwaka 1946.

Wengi hukumbuka kuwarudisha waliokwenda vitani na kusahau kuwashusha waliobaki. Mwaka 1945 Snuffy Stirnweiss wa Yankees aliongoza American League kwa 0.309. Wanaume walipotoka jeshini mwaka 1946 alipiga 0.251. Ukiwarejesha Williams na nyota mwenzake Joe DiMaggio kwenye 1945 halafu ukamwachia Stirnweiss alama zake za vita, umejenga ligi ambayo haikuwahi kuwepo. Lakini usiwashushe wote kwa mkupuo. Mrushaji Hal Newhouser wa Detroit alishinda mechi 29 mwaka 1944 na 25 mwaka 1945, na wenye kubeza wakasema ni ushindi wa vita. Mwaka 1946 wote wakiwa wamerudi, akashinda 26. Miaka mitatu ya wastani inawatenganisha watu hawa bila wewe kugusa kitu, sababu nyingine ya kuipenda.

Na wachezaji weusi waliozuiwa kuingia ligi kuu kabla ya 1947?

Desemba 2020 ligi kuu ilitangaza kuzitambua ligi saba za watu weusi za kati ya 1920 na 1948, na 2024 takwimu zao zikaingizwa kwenye kumbukumbu rasmi. Hapo Josh Gibson akawa juu ya Ty Cobb kwa wastani wa maisha, 0.372. Kwenye gemu, changamoto ni ufupi wa misimu ile. Mechi za ligi zilizoandikwa ni chache, timu zikitumia muda mwingi barabarani zikicheza mechi zisizohesabiwa. Kile kikomo cha mapigo nilichokitaja juu kinawaonea hawa moja kwa moja: mwenye mapigo 180 kwenye msimu mzima wa ligi yake anachukuliwa kama wa akiba. Shusha kikomo kwa ligi hizo peke yake, na tumia miaka mitatu au mitano ili mapigo yajumlishwe. Mrushaji Satchel Paige ni kipimo kizuri cha kuona kama umepatia: alipoingia American League mwaka 1948 akiwa na miaka 42 alishinda 6, akapoteza 1, na kuruhusu mbio 2.48 kwa inningi 9 (vipindi vya mechi moja). Kama gemu yako inamwona wa kawaida akiwa na miaka 30, kuna kitu hakijakaa.

Warushaji wangu wa 1908 wanachoka inningi ya tano.

Hizo ni kanuni za leo zikiwatumikisha watu wa zamani. Ed Walsh wa Chicago White Sox alirusha inningi 464 mwaka huo. Siku hizi anayefika 200 ni mtu adimu. Weka matumizi ya warushaji yafuate mwaka, punguza idadi ya warushaji wa zamu, na uhakikishe uchovu nao unafuata enzi. Kumpandishia Walsh alama za pumzi pekee hakusaidii kama kocha wa kompyuta bado ana kitabu cha 2020 mkononi. Ukienda nyuma ya 1893, umbali wa kurushia ulikuwa mfupi kuliko mita 18.44 za sasa, na namba za warushaji wa wakati ule usizipeleke popote nje ya wakati wao.

Uwanja nao unahusika?

Unahusika, na watu huuhesabu mara mbili. Dante Bichette wa Colorado alipiga homurani 40 mwaka 1995: 31 nyumbani Denver, kwenye hewa nyepesi ya mita 1,600 juu ya bahari, na 9 ugenini. Gemu ikitengeneza alama zake kwa 40 bila kuondoa mchango wa uwanja, halafu ikamchezesha kwenye uwanja uleule wenye kizidishi chake, Denver inampa homurani mara ya pili. Tumia takwimu zilizosawazishwa pamoja na viwanja vya kweli, au takwimu ghafi pamoja na viwanja visivyo na vizidishi. Mel Ott naye alipiga 323 kati ya homurani zake 511 nyumbani, uwanja wa Polo Grounds wenye ukuta wa kulia wa karibu mita 79 tu. Ni jambo lilelile.

Nitajuaje kama mipangilio imekaa?

Tengeneza nakala ya faili, endesha msimu, kisha anza kusoma ligi kabla ya kusoma mchezaji. Sababu ni hesabu tupu. Mpigaji ambaye uwezo wake wa kweli ni 0.300, akipiga mara 500, bahati peke yake inaweza kumpeleka popote kati ya 0.260 na 0.340 bila mtu kustuka. Ligi ya timu kumi yenye mapigo 55,000 haiyumbi hivyo; bahati inaisogeza kwa 0.002 hivi, ikizidi sana 0.004. Kwa hiyo ligi yako ya 1968 ikitoka na 0.245 badala ya 0.230, mipangilio ina kasoro hata kama ni msimu mmoja tu. Yastrzemski akitoka na 0.272, huna ushahidi wa chochote. Endesha msimu uleule mara nyingi, chukua wastani wake, ndipo uhukumu.

Nimemwongezea mpigaji alama lakini matokeo hayajaongezeka vile nilivyotarajia.

Kwa sababu hachezi peke yake. Kwenye Strat-O-Matic, ambayo Hal Richman aliitoa mwaka 1961, dadu inaamua nusu ya matokeo yasomwe kwenye kadi ya mpigaji na nusu kwenye kadi ya mrushaji. Gemu za kompyuta huoanisha pande zote mbili kwa pamoja, mara nyingi kwa kanuni inayofanana na ya mchambuzi wa takwimu za besiboli Bill James. Mpigaji wa 0.300 akikutana na mrushaji anayeruhusu 0.250, kwenye ligi ya 0.260, matarajio ni 0.289. Nyongeza yako inapita kwenye chujio hilo kila anaposhika gongo. Ongeza kidogo, pima, na usivuke pointi 5 za kipimo cha 20 hadi 80 kwa mara moja.

Kocha wa kompyuta anamweka benchi mchezaji wangu bora.

Angalia uzito anaoupa alama ukilinganisha na takwimu za mwaka huu na za miaka iliyopita. Ukizidisha takwimu za mwaka huu, wiki mbili mbaya za mwezi wa nne zinammaliza mtu. Ukizidisha alama, mzee mwenye jina anacheza mpaka anaanguka. Ukiwa unakokotoa alama upya kila mwaka, ziamini zaidi kidogo.

Nimeshafika 1934 kwenye karia yangu. Naweza kubadilisha bila kuanza upya?

Kipimo cha kuonyesha alama, wakati wowote. Uzito wa kocha wa kompyuta, wakati wowote pia. Viwango vya ligi, kikomo cha mapigo na idadi ya misimu ya kukokotolea, subiri msimu uishe na tuzo zitolewe, hifadhi nakala, badilisha, ndipo uingie 1935. Ukibadilisha mwezi wa saba, mfungaji bora wa homurani wa mwaka huo atakuwa amecheza nusu msimu kwenye ligi moja na nusu kwenye nyingine, na rekodi hiyo itabaki kwenye faili lako daima.